Sikio la Kulia la Kaisari

Roma, siku ya tatu ya Aprili

Kwa dada yangu Namgidde, karakana ya taa, Tisdrus

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Mavuno matatu ya zeituni yamepita bila wewe kupata neno kutoka kwangu, na sina sababu inayostahili kuandikwa. Nilikuwa nikingoja cheo ili niwe na jambo la kumwambia baba. Cheo hakikuja, na kila mwezi uliopita uliifanya barua iwe ngumu zaidi kuianza. Leo nimeianza kwa kuwa nina haja. Najua utaguna ukisoma hivyo. Guna, kisha endelea kusoma.

Jana zilifika habari kwamba ninyi watu wa Tisdrus mmemuua mtoza kodi wa Kaisari Maksimino, mkamvika gavana wenu mzee, Gordiano, joho la zambarau, na kwamba mwanawe atatawala pamoja naye. Seneti imekubali. Mji mzima umelewa. Sanamu za Maksimino zinaburutwa barabarani kwa kamba, na sisi hapa katika kiwanda cha sarafu tumeamriwa tuweke kando chapa zake, vile vyuma vya kupigia uso, tuanze kuchonga za mzee wenu mara moja. Mtawala asiye na sarafu watu humwona kama mgeni anayepita njia.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeijua sura yake. Amekaa mbali na Roma muda mrefu. Tumepewa ubao uliochorwa alipokuwa kijana, na humo anafanana na bwana arusi. Mzee ana miaka themanini! Hilaro, mchongaji anayekaa mkabala nami, alimchukua Maksimino wake wa zamani, akampunguza taya, akamwongezea makunyanzi, kisha akaniita.

"Mwafrika, njoo umwone kaisari wenu."

"Huyo ni Maksimino anayeumwa na jino," nikamwambia.

"Basi jichonge wewe mwenyewe. Si huko kwenu nyote mna sura moja?"

Karakana nzima ikacheka. Epigono, msimamizi wetu, hakucheka. Alisema, "Nataka uso wa kweli. Atakayeniletea ndiye atakayekuwa mkuu wa wachongaji, na sitamwuliza katoka wapi."

Wewe uko hapo hapo alipotangazwa. Tena una jicho. Tulipokuwa tukikanda udongo kwenye meza moja, nyuso zako zilicheka na zangu zilinuna. Nifinyangie uso wa mzee huyo, wa upande, ukitazama kulia, usiozidi kiganja. Usimpambe. Kama ana pua mbaya, nipe pua mbaya. Unakumbuka neno moja baba aliloniambia mlangoni siku nilipoondoka: "Uso ukiuchonga, uwe wa mwenyewe." Nimelishika hadi leo, na ndilo lililonicheleweshea cheo, maana wakubwa wengi hawapendi kuonekana walivyo.

Mwonyeshe baba kabla hujautuma. Yeye ataliona kosa ambalo mimi na wewe hatutaliona. Mwambie bado ninatumia tindo lake dogo, lile lenye mpini wa mzeituni. Kazi mpe nahodha Sekundo kule bandarini Hadrumeto. Meli yake hurudi Roma mara inapomaliza kupakia mafuta.

Kaka yako,
Rogatus


Tisdrus, siku ya kumi na moja ya Aprili

Kaka Rogatus,

Nimeguna, kama ulivyotabiri. Kisha nikaisoma barua yako tena nikiwa nimesimama, nikitafuta sentensi moja ambayo haimo. Tuache hilo. Sekundo hangoji mtu, nami nina kazi.

Uso umo kikapuni, umezungushiwa sufu. Nimeuchoma kwa moto mdogo, kwa hiyo usiuloweshe. Huyu ni mzee aliyepoteza meno. Ndiyo maana midomo imeingia ndani na kidevu kimekuja mbele. Makunyanzi yaliyo kando ya jicho si ya uzee peke yake, ni ya kutazama mwanga mkali kwa miaka mingi. Sikio la kulia limejikunja kwa juu, kama jani lililosogezwa karibu na moto. Usilinyoshe. Nimemwona kwa karibu kuliko mtu yeyote aliye hai, na ninaweza kuapa mbele ya madhabahu utakayoitaja kwamba kila mkunjo ulioko hapo ni wake mwenyewe.

Utataka habari za siku ile. Vijana wa wenye mashamba walikuja mjini na watu wao, marungu na mashoka yamefichwa chini ya nguo. Mtoza kodi alipokufa, wakaona hawawezi tena kurudi nyuma, wakakimbilia nyumba aliyokuwa amefikia gavana. Mtaa wote ukawafuata. Matho, jirani yetu muuza samaki wa chumvi, alipanda juu ya pipa ili aone.

"Amevaa zambarau?" nikamwuliza.

"Amevaa shuka. Wamemtoa kitandani."

"Anasema nini?"

"Analia. Wamemwekea upanga hapa, wanamwambia akubali."

"Kaisari anawekewa upanga?"

"We mama, nyamaza, piga makofi!"

Tukapiga makofi. Sasa Kartago wamejaa shangwe, lakini wasafiri wanasema jeshi la Numidia limekataa kumtambua na linateremka kutoka milimani. Huku tunaendelea kuchoma taa. Watu hununua taa nyingi wakati wa hofu.

Baba nimemfikishia salamu. Mgongo haumsumbui tena, na hakilalamikii chakula. Nilimwonyesha kazi yangu kama ulivyoagiza, naye hakusema neno. Unamjua, akinyamaza, kazi imekubalika.

Chonga unachokiona.

Dada yako,
Namgidde


Roma, siku ya nane ya Mei

Dada Namgidde,

Kikapu kilifika salama. Nilipokuwa nikiikunjua ile sufu, Hilaro alikuja akasimama nyuma yangu akiwa ameshatayarisha mzaha wake. Aliutazama uso, akarudi mahali pake bila kuutoa mzaha huo.

Nilianza kazi saa ile ile. Unajua kwamba sisi huchonga kinyume, ndani ya chuma, hivyo kinachoingia huku hutoka kule, na mchongaji hupaswa kuujua uso kwa ncha ya tindo kuliko kwa macho. Niliinama tangu kucha hadi jua kuzama, siku baada ya siku, pua ikikaribia kugusa chuma. Sijawahi kufanya kazi kwa utulivu namna ile. Uso huu haujisifu. Unamtazama mtu kama unaofahamu atakalosema na uko tayari kumsikiliza hata hivyo.

Sarafu ya kwanza ilipopigwa, Epigono aliipeleka dirishani. Akasema, "Huyu ameishi." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, akaagiza aletwe kinyozi mzee wa nyumba ya Gordiano hapa Roma, ambaye alimnyoa bwana wake kabla hajaenda Afrika.

"Tazama hii," Epigono akamwambia. "Huyu ni bwana wako Gordiano?"

Yule mzee akaileta sarafu hadi puani, akaanza kulia. "Ndiye. Kidevu hiki nimekinyoa mimi."

Basi, dada yangu, mimi sasa ni mkuu wa wachongaji.

Furaha haikukaa. Wakati nyundo zingali zikipiga, habari zilifika kwamba wote wawili wamekufa. Mwana ameangushwa vitani mbele ya Kartago, na baba yake aliposikia alijinyonga kwa mkanda wake. Hawakutawala hata mwezi mmoja. Wapiga nyundo wakasimama, wakamtazama Epigono.

"Endeleeni mpaka niambiwe vingine," akasema. "Fedha imekwisha kupimwa."

Seneti imewachagua watawala wengine wawili, na watu wamelazimisha mjukuu wa mzee awekwe pamoja nao. Kwa hiyo hapa jina la Gordiano linaheshimiwa, na sarafu zake zinapita. Kwenu sijui. Tunasikia kwamba askari wa Numidia wanapita mji kwa mji kwa niaba ya Maksimino. Niandikie, japo mistari miwili.

Yamebaki mambo mawili: uso wako wa udongo ulianguka mezani kwangu ukasagika, niwie radhi, na la pili ni sikio. Nimelinyosha. Usikasirike. Niliona kwamba ama kidole chako kiliteleza, ama tanuri lilikosea. Sijapata kuona mtu mwenye sikio kama lile, na yeyote ambaye angeiona sarafu angesema mchongaji hakujua kazi.

Nimempa Sekundo sarafu moja akuletee. Si yako, ni ya baba. Mtilie kiganjani, umwambie ni kazi ya mwanawe. Nataka kujua atakachosema, hata kama ni tusi.

Kaka yako,
Rogatus


Tisdrus, siku ya ishirini na sita ya Juni

Kaka Rogatus,

Niko hai. Naliandika hilo kwanza ili uyasome mengine ukiwa umekaa.

Sarafu yako ilinifikia. Nilikuwa nimekusudia kuipeleka kaburini na kuidondosha katika lile bomba tunalomiminia divai siku za wafu. Naam, kaburini. Baba alikufa wakati wa kuvuna zeituni, mwaka juzi. Nilikuandikia wiki ile ile, nikampa barua mchuuzi wa mafuta aliyekuwa akija Roma, nikangoja jibu. Mwaka ukapita. Kisha ikaja barua yako: nifinyangie, mwonyeshe baba, mwambie baba. Nikadhani ulipata habari ukazisahau, kama mtu anavyosahau bei ya chumvi. Ndipo nikakujibu kama nilivyokujibu. Kila nililokuandikia lilikuwa kweli. Mgongo haumsumbui, wala hakilalamikii chakula.

Sasa sikiliza. Gordiano mimi sikumwona. Siku ile niliona migongo ya watu na miguu ya Matho juu ya pipa. Ulitaka uso wa mzee, nami nilikuwa na uso mmoja tu. Asubuhi aliyokufa baba, kabla hatujamwosha, nilimpaka mafuta usoni nikamwekea udongo, na kutoka hapo nikapata kinyago chake. Wakubwa wa Roma hupanga nyuso za wazee wao ukumbini. Sisi mafundi hatuna haki hiyo, basi mimi nilimtundika wa kwetu juu ya tanuri. Huyo ndiye niliyekutumia. Nilisema moyoni: akimtambua, atakuja nyumbani. Asipomtambua, basi na amwinamie amtazame tangu kucha hadi jioni, kwa kuwa alipokuwa hai hakupata nafasi.

Hukumtambua. Ukamnyosha na sikio.

Nilikuwa nimeishika sarafu hiyo, nikitafuta kitambaa cha kuifungia, askari walipoingia mtaani. Walikuwa wakitafuta kila chenye jina au sura ya Gordiano. Nyumba ya mwuza mvinyo walikuwa wameshaichoma kwa ajili ya picha iliyochorwa ukutani, na mwenyewe wamemchukua. Akida wao alikuwa kijana, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alinifungua vidole mwenyewe.

"Nani huyu?"

"Mimi Kilatini sikisomi," nikasema.

"Na yule aliye juu ya tanuri?"

"Baba yangu."

Akakishusha kinyago, akaweka sarafu kando yake, akavitazama kwa zamu. "Pua moja. Kidevu kimoja. Kumbe wewe ni binti Kaisari."

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni. Matho akapaza sauti, "Bwana mkubwa, Kaisari gani? Huyo ni Iddibal, mfinyanzi wa taa. Alikuwa akija kwetu kuazima vitunguu!"

"Na hakuvirudisha," mkewe akasema.

"Nyamazeni!" akida akasema. "Naona mlivyompenda. Mmemtundika juu ya moto kama mungu wenu wa nyumbani." Akawaambia watu wake wanifunge mikono.

Mke wa Matho akampiga mumewe ubavuni. "Sikio, wewe! Mwambie sikio!"

"Sikio gani?"

Mama huyo akamsukuma mumewe kando, akaingia hadi ndani. "Mwanangu, wewe una macho mazuri, basi yatumie. Tanuri lilimpasukia huyu mzee mwaka ule mwanawe alipoondoka. Sikio la kulia likaiva kama mkate. Watoto wote wa mtaa huu walimwita Baba Sikio, akiwafukuza na fimbo. Kitazame kinyago. Haya, sasa itazame hiyo fedha yako."

Akida akatazama. Kwenye kinyago sikio lilikuwa limejikunja. Kwenye sarafu lilikuwa limenyooka, jembamba, sikio la mtu ambaye hajapata kuinama mbele ya moto. Askari mmoja akachungulia juu ya bega lake, akacheka.

"Kweli, akida. Hili limeiva, hili bichi."

Wakacheka wote. Wakanifungua. Kwa hiyo kosa lako, kaka, lile lililonifanya nilie kwa hasira niliposoma barua yako, ndilo lililoniacha hai. Sijui nikushukuruje, kwa hiyo sikushukuru.

Akida hakucheka. Sarafu aliitia mkobani. Kinyago alikiinua mbele ya uso wangu, akasema, "Kama ni baba yako, amekwisha kufa. Kama ni yule mwingine, naye amekwisha kufa. Kwa vyovyote humhitaji." Akakibamiza sakafuni, nao wakapita juu yake wakitoka.

Niliokota vipande. Vimekuwa changarawe, isipokuwa sikio. Sikio limetoka zima. Baba alinikataza nisikuandikie habari za moto ule, ndiyo maana hukulijua. Nimelitia katika kikapu hiki ulione kwa macho yako, ulishike, kisha uniambie kama kidole changu kiliteleza.

Tangu hapo Maksimino naye ameuawa na askari wake mwenyewe, kama mnavyojua huko, na hawa wa kwetu wamerudi milimani kwao. Tumeanza kuchoma taa tena. Ile kalibu ya udongo niliyokitolea kinyago ilipasuka zamani, sina nakala. Jiwe la kaburi lake lina jina, na mahali pa uso niliacha patupu, nikikungoja wewe. Sasa uso wake haupo popote duniani isipokuwa kwenye zile sarafu zako.

Kwa hiyo nakuomba, au tuseme nakuamuru, ingawa mimi ndiye mdogo: nyamaza. Ninakujua ulivyo. Utataka kusahihisha. Usimwambie mtu. Waache wamshike masokoni, wamnunulie mkate, wamwite jina walipendalo. Mimi sijali jina. Abaki tu.

Dada yako,
Namgidde


Roma, siku ya tisa ya Agosti

Dada yangu Namgidde,

Barua yako ya mwaka juzi haikunifikia. Mchuuzi huyo sijamwona. Sisemi hivyo kwa kujitetea, kwa maana mtu aliyenyamaza mavuno matatu hawezi kuzilaumu njia.

Niliisoma barua yako ya sasa hapa karakanani, kwa ujinga, nikidhani utakuwa umenitumia tusi la baba kuhusu kazi yangu. Nilipomaliza nilitoa sarafu nikaitazama. Miaka mingi iliyopita mimi nilimwacha mtu mwenye ndevu nyeusi aliyekuwa akivunja lozi kwa meno. Huyu ni mzee asiye na ndevu wala jino hata moja. Nilikijua kila kipande cha uso wake, na sikujua ni wa nani. Sasa ninapoutazama sioni mtu mwingine, wala sielewi niliwezaje kutomwona.

Hilaro akauliza, "Mwafrika, umefiwa?"

"Baba yangu."

"Pole sana. Lini?"

"Mwaka juzi."

Alinitazama kidogo, kisha akaukata mkate wake, akaniwekea nusu. Hajanitania tangu siku hiyo.

Sasa tuzungumzie amri yako. Wewe ni mkali tangu utoto, na mara nyingi umekuwa na haki. Safari hii huna, nami nitakueleza sababu.

Wale watawala wawili wameuawa na walinzi wao, na mjukuu wa Gordiano ndiye Kaisari peke yake. Tumeanza chapa zake. Kiwandani kwetu, utawala unapobadilika, chapa zilizopita hupangwa uani, na kila mchongaji hutwaa nyundo akazipiga zake mwenyewe, mbele ya msimamizi, mpaka uso usionekane. Siku hiyo ni kabla ya mwezi huu kufika nusu. Nikinyamaza, basi nitasimama uani na kumpiga baba usoni kwa mkono wangu. Yule akida alifanya hivyo bila kumjua. Mimi nitakuwa namjua.

Unasema sarafu zitabaki. Namgidde, hakuna kitu kinachochakaa kama sarafu. Kila kidole huondoa kidogo. Pua hutangulia, kisha nywele, na wajukuu wa watu hawa watashika kipande laini kisicho na mtu. Chapa ni chuma. Chapa haichakai ikiwekwa. Lakini anayekamatwa langoni akitoka na chapa huhesabiwa mwizi wa fedha, na hurudi kwao bila mikono, kama anarudi. Iko njia moja tu ya kuiomba, nayo ni kusema kwa nini ninaitaka.

Wewe hujali jina. Mimi ninalijali. Kuuzungusha uso huo na jina la mtu mwingine ni kumfanya baba avae nguo za kuazima. Aliniambia neno moja mlangoni, nami nimelivunja bila kujua. Sitaendelea kulivunja nikijua.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kwa Epigono, nikaweka juu ya meza yake sarafu, na kando yake lile sikio la udongo, nikamweleza yote isipokuwa habari zako.

"Lakini kinyozi alilia," akasema.

"Kinyozi ana ukungu machoni, nawe ulimtajia jina kabla hajatazama."

"Unaniambia Roma nzima imekuwa ikinunua mkate kwa uso wa mfinyanzi wa taa?"

"Wa Iddibal, mfinyanzi wa taa wa Tisdrus. Ndiyo."

Nilingoja awaite walinzi. Hakuwaita. Alikaa, akaligeuzageuza sikio mkononi. "Nani aliyekuletea udongo huu? Alifanya makusudi?"

"Anayejibia uso ni mchongaji. Udongo haujibu."

"Ungeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, hata mjukuu wake. Unafahamu ninavyopaswa kukufanya?"

"Nafahamu."

"Basi unataka nini, mtu mgumu wewe?"

"Nataka ruhusa ya kulifuta jina la Gordiano katika chapa ile moja, na kuondoka nayo kwetu. Cheo chako kichukue, umpe Hilaro. Ameanza kutazama watu usoni."

Akaliweka sikio juu ya meza, taratibu. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya msimamizi, "Tanuri lilimpasukia?"

"Ndiyo."

"Maskini mzee."

Alisema jambo hili linazidi mamlaka yake. Amelipeleka kwa mkuu wa hazina, naye ataamua kabla ya siku ya nyundo. Wanaweza kunipa chapa. Wanaweza kunipa minyororo. Jina lako sikulitaja na sitalitaja. Nimekwisha kufunga vyombo vyangu, tindo la baba likiwa juu kabisa.

Usiruhusu mtu mwingine aliguse lile jiwe. Wakiniachia chapa, nitaichonga sura yake kwa kuifuata. Wakiiponda, basi na waiponde kwa mkono mwingine, kwani mimi nyundo sitaishika. Nami nitakuja vile vile, na nitamchonga bila chapa. Niliufuata uso huo kinyume ndani ya chuma, mkunjo baada ya mkunjo, na mkono wangu umeujua, ingawa macho yalichelewa. Sikio la kulia nitaliacha kama lilivyo.

Sekundo anaondoka jioni hii, ndiyo maana ninakuandikia kabla ya kujua. Kimya kikiwa kirefu safari hii, fahamu kwamba si changu. Mara wakishaamua, siku ile ile, kabla sijatia kitu kinywani, nitakuandikia.

Kaka yako,
Rogatus, mwana wa Iddibal